Kuvua Mikanda ya Ubavuni na Kutengeneza Bodi ya Gari la Zamani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumkabidhi Fundi



Katika barabara za Mwanza bado yanaonekana magari yaliyoundwa miaka ya 1960, 1970 na 1980: Volkswagen za mgongo wa kobe, Peugeot 404 na 504, Mercedes-Benz na Land Rover. Mengi ya magari haya yana mikanda ya ubavuni, yaani tepe za chuma, alumini au plastiki zinazopita milangoni kutoka taa za mbele hadi za nyuma. Siku mwenye gari anapotaka kupaka rangi upya, mikanda hiyo hulazimika kuvuliwa, na hapo ndipo gharama zisizotarajiwa huanza. Katika makala hii tunaeleza jinsi kazi hiyo inavyopaswa kufanyika, na jinsi ya kulinda fedha zako.

Kwa nini kutu hujificha nyuma ya mkanda

Wapo wanaodhani kwamba ziwa ndilo linalokula magari ya Mwanza. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi ya bahari. Kinachoharibu bodi ni unyevu unaokaa mahali pamoja bila kukauka. Mvua za vuli na za masika huingiza maji na tope nyuma ya mkanda. Vumbi la kiangazi huongezeka juu yake na kuwa kama sifongo. Mikanda mingi ya zamani imeshikiliwa na klipu zilizopachikwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye bati, na kingo za matundu hayo ndizo huanza kushika kutu. Gari lililokaa miaka mingi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar kabla ya kuletwa Kanda ya Ziwa likaguliwe kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa huenda lina chumvi katika mikunjo ya bati.

Namna ya kuvua bila kuharibu

Kwanza ijulikane mkanda umeshikwa na nini. Ikiwa ni klipu, fundi atumie kipande cha plastiki au cha mti laini kilichochongwa, akiinua kidogo kidogo karibu na kila klipu. Bisibisi hukunja mkanda na kubonyeza bati. Klipu nyingine hufungwa kwa nati kutoka ndani, hivyo kava la ndani la mlango lifunguliwe kwanza. Ikiwa mkanda umegundishwa kwa gundi, upashwe joto la wastani, kisha mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki upitishwe nyuma yake na kuvutwa huku na huku kama msumeno. Njia hii ni rahisi na haikwangui rangi.

Kila mkanda uandikwe upande na mlango ulikotoka, na uhifadhiwe ukiwa umelala sawa. Vipuri hivi ni vigumu kupatikana, na gari la zamani lililopoteza mikanda yake ya asili hupungua thamani. Hata kama umeamua isirudishwe, ni mali yako, dai ukabidhiwe.

Matundu na kutu

Amua mapema kama mikanda itarudi. Ikiwa itarudi, matundu husafishwa hadi bati jeupe, hupakwa praima, na klipu hufungwa pamoja na kizibo cha kuzuia maji. Ikiwa haitarudi, matundu yazibwe kwa kuchomelea. Kuyajaza puti peke yake ni kuahirisha tatizo: puti hunyonya unyevu kutoka upande wa ndani, na baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua rangi huvimba katika mstari ule ule wa mkanda.

Kutu ya juu juu husuguliwa na kutibiwa. Bati lililooza hukatwa na kuwekwa kipande kipya. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe na vitu vinavyoshika moto viondolewe. Fundi achomelee kwa vituo vifupi akiruhusu bati lipoe, kwani joto la mfululizo hulipinda. Upande wa ndani wa kiraka nao upakwe kinga, na vitundu vya kutolea maji chini ya mlango visizibwe.

Vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na madini ya risasi. Kazi ya msasa isifanyike nyumbani karibu na watoto, na anayesugua avae barakoa na kutumia msasa wa maji.

Sumaku ndogo, ukaguzi mkubwa

Puti ina kazi yake: kusawazisha mabonde madogo baada ya bati kunyooshwa. Unene wake uwe wa milimita chache tu. Kabla ya kulipa, chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa chembamba, kisha ipitishe juu ya eneo lililotengenezwa. Palipo na bati sumaku hushika. Palipo na puti nene hulegea au kuanguka. Kumbuka kwamba bodi za Land Rover za zamani kwa sehemu kubwa ni alumini, ambako sumaku haishiki hata pasipo na puti.

Maafikiano ya hatua mbili

Hakuna fundi anayeweza kujua hali ya bati kabla mkanda haujavuliwa. Kwa hiyo tunashauri usikubali bei moja ya jumla mwanzoni, wala usiache malipo wazi. Afikianeni hatua mbili:

1. Bei ya kuvua mikanda, kusafisha na kukagua. Hatua hii ikikamilika, nenda gereji ukajionee, upige picha kila tundu na kila penye kutu.

2. Bei ya matengenezo, ikiandikwa: sehemu zitakazochomelewa, aina ya praima na rangi, nani ananunua vifaa, siku ya kukabidhi, na muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo.

Lipa kwa awamu na udai risiti ya kila malipo. Omba kuliona gari kabla halijapakwa praima, kwa kuwa rangi ikishapita, ushahidi wa kazi mbaya hufunikwa. Ukibadilisha rangi ya gari, toa taarifa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwani rangi ni miongoni mwa taarifa za usajili.

Kazi isiporidhisha

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mtoa huduma kumpotosha mlaji. Fundi aliyelipwa kuchomelea kisha akajaza puti amempotosha mteja wake, hata kama rangi inang'aa. Huduma pia inapaswa kutolewa kwa uangalifu na ujuzi unaostahili.

Anza kwa kumweleza fundi kasoro kwa maandishi na kumpa muda wa kurekebisha. Usilipeleke gari kwa fundi mwingine kabla ya kupiga picha, maana ukarabati wa pili huharibu ushahidi wa kwanza. Asiporekebisha, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiambatisha maafikiano, risiti na picha. Kwa madai ya fidia, unaweza pia kufungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo.

Mafundi wa bodi walio hodari wapo Mwanza, na aliye mwaminifu hataona vibaya ukija na sumaku na karatasi ya maafikiano. Karatasi hiyo inamlinda na yeye pia, mteja anapodai kazi ambayo haikukubaliwa.