Simu yaweza kuwa rimoti ya runinga

RIMOTI ikipotea au kukanyagwa na mtoto, simu ya kisasa yaweza kushika nafasi yake. Baadhi ya simu, zikiwemo nyingi za Xiaomi, zina taa ndogo ukingoni inayotoa miale isiyoonekana kwa macho, sawa na ile ya rimoti. Hizo huendesha hata runinga za zamani, bila intaneti. Samsung iliiweka kwenye Galaxy S4 ya mwaka 2013, lakini Galaxy S7 ya 2016 haikuwa nayo.

Simu zisizo na taa hiyo hutegemea Wi-Fi, ambayo runinga nayo sharti iwe imeunganishwa nayo. Hapo ndipo penye kikwazo: kuiunganisha mara ya kwanza kwa kawaida huhitaji rimoti ile ile iliyopotea. Heri kazi hiyo ifanywe mapema, rimoti ingali mezani.