Kompyuta ya gemu kwa hela kidogo: kwanza jua nani anachelewesha chapati

Mdogo wangu ana banda la gemu Mbagala. Watoto wa mtaa wanalipa kwa mechi, na kwa miaka miwili amekuwa akiweka pembeni hela ya kununua kompyuta ya mezani, maana vijana wakubwa wanaulizia gemu ambazo konsoli yake ya zamani haichezi. Alipofikisha milioni moja na nusu alinipigia simu kwa furaha: "Dada, nimepata chuma! i7, RAM 16, taa kila kona, na chenji inabaki. Nimeshatoa laki mbili za kishika uchumba."

Nikamuuliza swali moja tu: ina kadi gani ya grafiki?

Kimya. Halafu: "Si nimekwambia ni i7?"

Hapo nikajua tuna kazi. Haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza jioni ile, nikiongeza hesabu kidogo. Ukishaielewa hoja moja iliyomo, hutahitaji mtu wa kukuchagulia vipuri.

Kwanza, fremu moja inatengenezwaje?

Gemu ni picha zinazopita haraka mbele ya macho. Kila picha tunaiita fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, ambazo kwa watu wengi ndizo zinazofanya gemu ionekane laini, kompyuta ina milisekunde 1000 gawanya kwa 60, yaani takriban milisekunde 16.7 kwa kila fremu.

Ndani ya muda huo kuna wafanyakazi wawili. Prosesa inapiga hesabu za mchezo: mpira uko wapi, mpinzani anaelekea wapi, risasi imempata nani. Ikimaliza inampa mwenzake orodha ya vitu vya kuchora. Kadi ya grafiki inavichora, pikseli moja moja. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na zote zinapakwa rangi upya kila fremu.

Sasa fikiria mama lishe na msaidizi wake asubuhi. Mmoja anasukuma chapati, mwingine yuko kwenye kikaango. Hawasubiriani hadi chapati moja iishe kabisa: hii ikiwa kwenye moto, nyingine inasukumwa. Chapati zitakazofika kwa wateja zinategemea nani? Yule wa polepole kati yao. Kama kikaango kinachukua dakika mbili kwa chapati, hata ulete msukumaji hodari kuliko wote jijini, chapati itatoka kila baada ya dakika mbili, na zilizosukumwa zitajipanga mezani zikisubiri.

Tuweke namba. Tuseme prosesa inahitaji milisekunde 8 kwa fremu, na kadi inahitaji 20. Mwenye 20 ndiye anayeamua: 1000 gawanya kwa 20 ni fremu 50 kwa sekunde. Ukinunua prosesa yenye kasi maradufu, inayotumia milisekunde 4, unapata ngapi? Bado 50. Hela imekwenda, gemu ni ileile. Lakini ukiiacha prosesa na kubadilisha kadi ikawa ya milisekunde 10, unaruka hadi fremu 100.

Hoja yenyewe ndiyo hiyo. Wanaosoma kilimo wanaijua kwa jina la sheria ya kima cha chini ya Liebig: mmea unakua kwa kiasi cha kirutubisho kilicho haba zaidi, na kumwaga zaidi kile kilichokwisha kutosha hakusaidii kitu.

Jaribio la bure

Kama tayari una mashine inayokwama, usinunue chochote kabla ya kufanya jaribio hili. Fungua gemu, washa kihesabu fremu, andika namba. Kisha ingia kwenye mipangilio, shusha picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, urudie sehemu ileile ya mchezo.

Umepunguza pikseli kutoka milioni mbili na kidogo hadi 921,600, chini ya nusu. Kazi ya kadi imepungua sana, kazi ya prosesa imebaki karibu vilevile. Fremu zikipanda vizuri, anayechelewesha ni kadi. Zisipopanda, anayechelewesha ni prosesa au RAM. Jaribio la dakika tano linaweza kukuokolea laki kadhaa.

Prosesa: angalia kizazi, si jina

Ile "i7" ya mdogo wangu ilikuwa i7-3770, prosesa ya mwaka 2012. Ina viini 4. Sasa i3-12100F ya mwaka 2022, ambayo kwa jina ni "ndogo", nayo ina viini 4, lakini kila kiini kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo wa saa yake, na kinaiacha ile i7 mbali. Namba 3, 5 au 7 baada ya herufi i inakuambia cheo ndani ya familia moja tu. Kizazi kinasomwa mwanzoni mwa namba inayofuata: 3770 ni kizazi cha 3, 12100 ni cha 12.

Kuna suala jingine. Windows 11 haiitambui rasmi i7 ya kizazi cha 3, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa banda la biashara, huo ni mzigo wa kuanza nao.

Na uwe macho na herufi ya mwisho. F kwenye i3-12100F maana yake prosesa haina sehemu ya grafiki ndani yake. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Upande wa AMD, Ryzen 5 5600 pia haina, wakati 5600G inayo, kwa hiyo hiyo ya pili inakufaa ukitaka kuanza bila kadi na kuiongeza baadaye.

Prosesa ndiyo inayokuchagulia ubao mama, ule mafundi wanaouita madabodi. Soketi lazima zilingane: i3-12100F inakaa LGA1700, Ryzen 5 5600 inakaa AM4. Angalia pia aina ya RAM, maana ubao wa DDR4 haupokei DDR5. Hata pengo la kwenye kipande halikai sehemu moja. Zaidi ya hapo, kwa bajeti ndogo, ubao wa kawaida unatosha.

Kadi: hapa ndipo hela inapokwenda

Kwa nini kadi maalumu inaishinda prosesa kwenye kuchora? Kwa sababu rangi ya pikseli moja kwa kawaida haitegemei ya jirani yake. Kazi ya namna hiyo inagawika. Prosesa ina viini vichache vyenye akili nyingi. Kadi ina vitengo vingi vidogo vinavyofanya hesabu nyepesi kwa pamoja. AMD RX 6600, kwa mfano, ina vitengo 1,792. Ni tofauti ya kuwa na mafundi rangi sita mahiri na kuwa na vibarua elfu moja na mia saba wenye brashi, na ukuta ni mrefu.

Ile i7 ilikuwa na grafiki ndogo ya ndani tu. Ndiyo maana taa zote zile zisingemsaidia.

Kwa skrini ya 1920 kwa 1080, tafuta kadi yenye kumbukumbu yake ya GB 8 ukiweza. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data inaanza kuchukuliwa kwenye RAM kupitia njia nyembamba zaidi, na hapo ndipo gemu linashikashika ghafla hata kama wastani wa fremu ni mzuri.

Kadi ya mtumba inaokoa hela nyingi, ila usilipe kabla ya kuijaribu. Endesha GPU-Z, programu ya bure inayosoma kilichomo kweli ndani ya kadi. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ili zijitambulishe kwa jina la kisasa, na GPU-Z hugundua nyingi kati ya hizo. Kisha iendeshe kwa mzigo mkubwa dakika 15 hivi. Ukiona vidoa vya rangi, mistari au mashine kujizima, mshukuru muuzaji uondoke.

RAM na diski: meza na stoo

RAM ni meza ya mama lishe, diski ni stoo. Nunua GB 16, lakini kwa vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16. Kipande kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha data hadi GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vikikaa kwenye nafasi sahihi vinafanya kazi sambamba na uwezo unakuwa GB 51.2. Kama unategemea grafiki ya ndani ya prosesa, hili ni la lazima, maana grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima RAM.

Diski ya zamani ya kuzunguka hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Kwa wastani inasubiri nusu mzunguko kufikia data, zaidi ya milisekunde 4, bado safari ya kichwa chenyewe. SSD haina kinachozunguka, inajibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Haitakuongezea fremu nyingi, ila gemu litafunguka haraka, na kwenye banda mteja anayesubiri ni mteja anayeondoka. SSD ya bei ya kawaida inatosha; kwa gemu nyingi hutaona tofauti kubwa kati yake na ile ya kasi ya juu kabisa.

Pawa saplai: usibane hapa

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanabana, na ndiyo inayoweza kuondoka na vingine vyote.

Usisome namba kubwa ya kwenye boksi. Soma jedwali dogo ubavuni, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi zinakula karibu umeme wao wote hapo. Hesabu ni ile ya fizikia ya sekondari: volti mara ampea ni wati. Ukikuta pawa saplai imeandikwa "500W" lakini +12V ina ampea 18, basi 12 mara 18 ni wati 216 tu. Hizo 500 ni mapambo.

Sasa jumlisha mahitaji. RX 6600 inakula hadi wati 132. i3-12100F inaweza kufika 89. Ongeza kama 50 za ubao, diski na feni: unapata takriban 270. Kadi pia huvuta zaidi ya hapo kwa milisekunde chache chache. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 hadi 500 inakutosha na nafasi inabaki. Ile ya wati 216 itazima katikati ya mechi, na siku mbaya itaungua.

Na umeme wetu tunaujua. Kapasita za ndani ya pawa saplai nzuri zinashikilia mashine kwa milisekunde 16 hivi umeme ukikatika. Ukizidi hapo, inazimika. UPS ndogo inampa mtu muda wa kuzima kistaarabu. Kumbuka tu kwamba VA si wati: UPS nyingi za VA 650 hutoa chini ya wati 400.

Umeme wote huo mwishowe unakuwa joto. Mashine ya wati 300 ikicheza saa 4 imekula uniti 1.2 za LUKU, na joto lake lote liko chumbani kwako. Chagua kasha lenye matundu mbele na feni mbili, usilisukumize ukutani, na upulize vumbi mara kwa mara. Prosesa au kadi ikichemka hujipunguza kasi yenyewe, na hapo unakuwa umelipia mwendo usioupata.

Na mashine za ofisini za mtumba?

Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotumika zimejaa Kariakoo, na kuongeza kadi kwenye mojawapo ni njia halali ya kuanzia. Ila pima kasha kwanza. Yale membamba yanapokea kadi fupi tu, pawa saplai zake nyingi ni za wati 180 hadi 240, na mara nyingi umbo na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo huwezi kubadilisha kirahisi. Chagua lile kasha pana, na kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kama GTX 1650 za aina hiyo, ambazo hula wati 75.

Yaliyompata mdogo wangu

Duka halikurudisha zile laki mbili. Baada ya maneno mengi walikubali achukue monita ya mtumba badala yake, akaongeza kidogo. Hela iliyobaki tuliipanga hivi: karibu theluthi kwa kadi, RX 6600 iliyotumika, tuliyoijaribu palepale, kisha pawa saplai ya kueleweka, halafu i3-12100F na ubao wake, RAM vipande viwili na SSD. Kasha lilikuwa la mwisho, kwa hela iliyosalia. Halina taa hata moja.

Wiki ya kwanza alinipigia tena. Mteja mmoja alikuwa analalamika gemu fulani zito linakwama. "Nimeshusha hadi 720, Dada, fremu zimepanda. Kwa hiyo ni kadi, si prosesa. Nimempunguzia vivuli, sasa linaenda."

Hakuniuliza anunue nini.