‘Mtoto amekingama’: Neno hili limetoka wapi na kwa nini usilichukulie poa?

Ukisikia lori limekingama mlima Kitonga, huulizi limeelekea wapi. Unajua tu kwamba hapo hakuna kupita.

Hiyo ndiyo kukingama: kitu kulala upande hadi upande na kukata njia. Mti ulioangukia pembeni mwa barabara haujakingama. Ulioziba barabara ndio umekingama. Na mtu akipanga magogo njiani makusudi, huyo ameyakingamisha.

Usichanganye na mshazari. Mshazari ni kwenda upogo, kama mstari wa kona hadi kona kwenye ukurasa wa daftari.

Neno lenyewe linatokana na ‘kinga’, yaani kuweka kitu mbele ya kingine kinachokuja. Unakinga maji ya mvua kwa ndoo, unakinga uso ukirushiwa ngumi. Humo humo ndimo tulimopata kinga ya mwili, kingamwili, hata ile kinga ya kutoshtakiwa wanayopewa marais.

Kisha ikaongezwa ‘-ama’, kiambishi cha zamani kilichomo katika lugha nyingi za Kibantu. Kazi yake ni kuonyesha mkao. Angalia: inama, simama, chutama, egama. Hata maji yaliyotulia tunasema yametuama. Kwa hiyo kukingama ni kukaa mkao wa kuzuia.

Sasa twende kliniki. Mjamzito akiambiwa “mtoto amekingama”, kuna wanaodhani ni kukaa vibaya kidogo tu. Hapana. Mtoto amelala kutoka ubavu mmoja wa mama hadi mwingine, wala kichwa hakijaelekea chini.

Mimba ikiwa bado changa, usiogope. Watoto wengi hugeuka wenyewe kabla ya wiki za mwisho. Ila uchungu ukianza naye bado yuko hivyo, hawezi kupita njia ya kawaida, kama magari yanavyoshindwa pale Kitonga. Mara nyingi hapo ni upasuaji.

Hatari zaidi ni chupa kupasuka. Kamba ya kitovu inaweza kutangulia, ikabanwa, mtoto akakosa oksijeni. Hapo hakuna kusubiri nyumbani kukuche, ni hospitali moja kwa moja.

Basi ukiambiwa neno hili kliniki, usiitikie tu “sawa” ukaondoka. Muulize mkunga: kichwa kiko upande gani, na nirudi lini kupimwa tena?