Je, Rafadha za Nyuzi za Kaboni Zafaa Juu ya Mto Songwe?

Mto Songwe ni mpaka usiotulia. Kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, mto huu hupita katika uwanda tambarare wa Kyela. Masika yanapokuwa makali hufurika, humega kingo pamoja na mashamba yaliyo karibu, na mara nyingine hujichimbia njia mpya. Kwa wakazi wa Njisi, na kwa jirani zao wa upande wa Malawi, kujua mto umesogea kiasi gani ni kujua shamba limebaki kiasi gani. Tena ni jambo la mataifa mawili, kwa kuwa mto huo ndio unaozitenga nchi hizo. Mwaka 2017 serikali zake zilitia sahihi mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo.

Siku hizi kazi ya kupima mabadiliko ya namna hiyo yaweza kusaidiwa na droni, yaani chombo kidogo kirukacho bila rubani ndani yake, kikiwa na kamera. Zanzibar imekwisha kutoa mfano. Kuanzia mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha kwa droni ili kutengeneza ramani, katika mradi uliowashirikisha Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Droni zilizotumika huko zilikuwa na mabawa kama ndege. Zile zinazouzwa kwa wingi madukani huwa na rafadha nne, au pangaboi kama wengi wanavyoziita, na huweza kutulia hewani mahali pamoja.

Mwenye droni ya namna hii huambiwa mara kwa mara kwamba akiondoa rafadha za plastiki na kuweka za nyuzi za kaboni, chombo chake kitakuwa chepesi zaidi, kitaruka muda mrefu zaidi na kitapiga picha safi zaidi. Madai hayo matatu yafaa kupimwa moja moja kwa mizani ya fizikia.

Nyuzi za kaboni ni nini?

Wazo lenyewe ni la zamani. Karibu na mwaka 1880 Thomas Edison alitumia nyuzi za mwanzi zilizounguzwa katika taa zake za umeme. Nyuzi za leo hutokana zaidi na akriliki, jamaa ya uzi wa kufumia sweta. Akiliki hiyo huchomwa mahali pasipo na oksijeni, katika joto linalozidi sentigredi 1,000, hata ikabaki karibu kaboni tupu. Akio Shindo wa Japani ni mmoja wa waliofungua njia hiyo, kati ya mwaka 1959 na 1961. Kila unyuzi ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu mara nyingi. Nyuzi hizo hufumwa kama kitambaa, kisha hugandishwa kwa gundi ya epoksi, ndipo kitu kigumu kinapopatikana.

Uzito na ukakamavu

Dai la kwanza ni la wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya plastiki za kawaida ina gramu 1.1 hadi 1.4. Ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa ina gramu 1.6 hivi, na ya alumini ina gramu 2.7. Basi kaboni ni nyepesi ikilinganishwa na alumini, lakini si ikilinganishwa na plastiki. Rafadha mbili zenye umbo moja zikiwekwa kwenye mizani, ile ya kaboni ndiyo itakayozidi uzito. Faida ya wepesi hupatikana pale tu bapa la kaboni linapotengenezwa likiwa jembamba zaidi.

Bapa hilo laweza kuwa jembamba kwa sababu kaboni ina ukakamavu, yaani hukataa kupinda. Moduli ya Young ya plastiki ya kawaida ni gigapaskali 2 hadi 3, na plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo yaweza kukaribia 10. Kitambaa cha kaboni kilichogandishwa huweza kufika 50 hadi 70, karibu sawa na alumini. Bapa la plastiki likizunguka kwa kasi hujipinda na kujisokota kidogo kwa nguvu ya hewa, hata pembe yake ikabadilika. La kaboni hubaki na umbo alilolikusudia mtengenezaji.

Dai la pili, la muda wa kuruka, lina ukweli mdogo. Nguvu inayohitajika ili droni itulie hewani hutegemea hasa uzito wake, upana wa duara linalofagiwa na rafadha, na densiti ya hewa. Kipenyo cha rafadha kikiongezwa maradufu, nguvu hiyo hupungua hadi karibu nusu, ikiwa uzito haukubadilika. Kubadili malighafi peke yake, pasipo kubadili kipenyo wala umbo, hakuwezi kuleta tofauti ya namna hiyo.

Mtetemo na picha

Dai la tatu ndilo lenye uzito, nalo lina masharti. Tuseme rafadha inazunguka mara 100 kwa sekunde, na upande mmoja umezidi mwingine kwa gramu 0.1 tu, sentimita 5 kutoka katikati. Kwa kanuni ya mwendo wa mviringo, kani inayotokea ni nyutoni 2 hivi, sawa na uzito wa gramu 200. Kani hiyo huivuta mota huku na huko mara 100 kila sekunde.

Kamera nyingi za droni hazinasi picha yote kwa mara moja. Huisoma mstari baada ya mstari. Ikiwa kusoma huko huchukua sehemu moja ya 30 ya sekunde, mtetemo huo utakuwa umekwenda na kurudi zaidi ya mara tatu ndani ya picha moja. Matokeo yake, ukingo ulionyooka huonekana una mawimbi. Kamera iliyo mita 100 juu ya ardhi ikiyumba digrii 0.1 tu, mahali inapolenga huhama sentimita 17. Anayelinganisha picha za kabla na baada ya masika aweza kusema mto umemega shamba mahali ambapo haukumega kitu.

Rafadha kakamavu hupunguza kuchezacheza kwa mabapa, lakini haiondoi kosa la uzito. Rafadha ya kaboni isiyosawazishwa itatetemesha kamera kuliko ya plastiki iliyosawazishwa vema.

Fundisho la kuku

Ukakamavu una gharama yake pia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilitengeneza mabapa ya feni ya injini ya RB211 kwa nyuzi za kaboni, ili kupunguza uzito. Katika majaribio ya mwaka 1970, mzoga wa kuku ulirushwa ndani ya injini kuiga ajali ya ndege wa angani, na mabapa yakavunjika. Kampuni ilirudi kwenye titani, na gharama za injini hiyo zilichangia kuifilisi mwezi Februari 1971. Hata hivyo wazo halikufa. Mwaka 1995 injini ya GE90 ya General Electric ilianza kazi ikiwa na mabapa ya nyuzi za kaboni, ambayo kingo zake za mbele zimekingwa kwa titani.

Rafadha ndogo ya droni kwa kawaida haina kinga hiyo. Ya plastiki ikigusa tawi la mwembe hupinda au huvunjika, na mshtuko huishia hapo. Ya kaboni huupeleka mshtuko kwenye mhimili wa mota, au hupasuka vipande vyenye ncha kali. Ncha ya rafadha yenye kipenyo cha sentimita 24, ikizunguka kwa kasi iliyotajwa, huenda zaidi ya kilometa 270 kwa saa, nayo hukata kidole kama kisu.

Kabla ya kubadilisha

Rafadha mpya sharti ziwe na kipenyo na mwinamo uleule wa zile za mwanzo, kwa kuwa mitambo ya kuongozea droni ilirekebishwa kwa ajili ya hizo. Kila moja isawazishwe juu ya mhimili mwembamba mpaka isielemee upande wowote. Jaribio la kwanza lifanyike mahali pa wazi, mbali na watu. Na anayerusha karibu na Songwe awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wala asivuke mpaka.

Walimu waweza kuonyesha jambo hili darasani bila droni. Rula ya plastiki na kipande cha chuma cha unene uleule vibanwe ukingoni mwa meza, kila kimoja kining'inizwe uzito sawa, na wanafunzi wapime kila kimoja kimeinama kiasi gani. Kisha vyote viwekwe kwenye mizani. Wataona wenyewe kwamba uzito na ukakamavu ni sifa mbili tofauti, na kwamba anayenunua moja akidhani ananunua nyingine amepoteza fedha yake.

Kwa mkulima wa Njisi, kinachotakiwa ni picha inayosema kweli kuhusu ukingo wa mto. Mara nyingi kweli hiyo yapatikana kwa rafadha ya plastiki isiyo na ufa, iliyosawazishwa kwa uangalifu. Ya kaboni huongeza kitu pale tu kazi hiyo ya kwanza inapokuwa imekwisha kufanywa.