Ndege hawa wa Mwingi hupaa na kupiga mbizi, usiwaharibie silanga

Ukisikia Mwingi, akili yako inaenda wapi? Asali, mbuzi, ndengu na jua kali, sivyo? Ndege wa majini huenda hata hawamo kwenye orodha yako. Lakini mvua ya Novemba ikinyesha na masilanga yakajaa, hebu kaa kando ya maji nusu saa tu. Weka simu mfukoni. Utaona vituko.

Anza na kibisi. Ni mdogo, mviringo, na unaweza kudhani ni kifaranga wa bata aliyepotea. Ghafla, chubwi! Amezama, na anaibukia kwingine kabisa. Miguu yake iko nyuma ya mwili, kama injini ya mashua. Ndiyo maana majini ni moto wa kuotea mbali, ilhali nchi kavu anatembea kwa shida. Akitaka kupaa, sharti kwanza akimbie juu ya maji huku akipiga mabawa. Vifaranga wake huwabeba mgongoni.

Kisha kuna mnandi, mwenye shingo ndefu na mdomo uliopinda kwenye ncha. Huyu hufukuza samaki chini ya maji kwa miguu ambayo vidole vyake vyote vinne vimeunganishwa na utando. Akitoka, hutua kwenye mti mkavu na kutandaza mabawa kama nguo kwenye kamba. Si kuringa. Manyoya yake ya nje hulowa, na kulowa huko humsaidia kuzama kwa urahisi. Baadaye lazima ayaanike.

Kufanya kazi zote mbili si mchezo. Kupaa kunataka mwili mwepesi na mabawa mapana, kupiga mbizi kunataka mwili mzito na mabawa yasiyosumbua majini. Pengwini aliamua moja, akaacha kupaa. Lakini Mwingi pengwini hangetoboa hata msimu mmoja, kwa sababu silanga likikauka hangekuwa na pa kwenda. Kibisi na mnandi hufunga safari kutafuta maji kwingine. Kibisi husafiri usiku. Upande huo kuna Mto Tana na bwawa la Kiambere, lile lile linaloupa mji wa Mwingi maji ya mfereji.

Sasa wewe unaingia wapi? Bata na kibisi hujipaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo karibu na mkia. Mafuta hayo hutunza manyoya ili maji yasifike ngozini. Sabuni huyaondoa. Ukiosha pikipiki au nguo ndani ya silanga, sabuni ikizidi majini ndege wanaweza kulowa mpaka ngozini, kushikwa na baridi na kushindwa kuelea. Na maji hayo hayo ndiyo mbuzi wa susu watakunywa jioni.

Dawa yake haina gharama. Teka maji kwa ndoo, oshea mbali, na maji machafu yamwage mahali ambapo hayatarudi bwawani. Kipande cha wavu au uzi wa kuvulia kikikatika, usikiache majini, maana mpiga mbizi akinaswa huko chini hufa kwa kukosa hewa.

Silanga likiharibika, ndege ana mabawa, ataondoka. Wewe na mbuzi wa susu mtabaki hapo hapo.