Seli Zinazoelea kwa Vumbi la Chuma

MTAALAMU atafutaye dawa ya saratani huanza kazi yake katika kisahani. Chombo hicho, kijulikanacho kwa jina la Mjerumani Julius Richard Petri aliyekieleza mwaka 1887, kilikusudiwa kuoteshea bakteria. Baadaye kikakabidhiwa pia kazi ya kuotesha seli za wanadamu. Kimeitenda kwa uaminifu, nasi hatuna ugomvi nacho. Lakini yafaa wasomaji wetu wajue kwamba habari kituleteayo ni nusu tu.

Ndani ya mwili seli huzungukwa na jirani zake juu, chini na ubavuni. Hushikana nao, husukumana nao, na kwa kushikana huko hupata kujua wakati wa kukua na wakati wa kutulia. Ikilazwa juu ya kisahani hujitandaza kama chapati, hukishika kisahani badala ya kumshika jirani, na tabia yake hubadilika. Dawa ikimiminwa huzifikia seli zote kwa mara moja, jambo lisilotokea katika uvimbe wa kweli, ambamo seli za ndani zimejificha nyuma ya wenzao. Karibu dawa tisa katika kila kumi zinazoanza kujaribiwa kwa watu hushindwa kabla ya kuruhusiwa. Sababu ni nyingi, na kisahani si mkosaji peke yake. Lakini katika orodha ya washtakiwa naye yumo.

Ziko njia kadhaa za kuziotesha seli zikawa na kina pamoja na urefu na upana. Iliyozoeleka ni kuzipandikiza katika ute utolewao kwenye uvimbe wa panya, nao ute huo una kasoro yake: chupa moja haifanani sawasawa na nyingine. Ndipo wengine wakageukia vitu visivyo na uhai, na hapo ndipo lilipo jambo lililotuvutia sisi.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice na kituo cha saratani cha M. D. Anderson, vyote vya Houston, Marekani, walieleza njia yao katika jarida la Nature Nanotechnology. Walichanganya chembechembe za dhahabu na za oksidi ya chuma, ambayo ni ndugu ya kutu, wakazifunga pamoja kwa virusi vya bakteria visivyomdhuru mtu. Vumbi hilo ni jembamba mno. Punje elfu kadhaa zikipangwa mstari hazitimizi milimita moja. Seli ziliachwa nalo usiku kucha, zikalipokea, kisha zikaoshwa na kutiwa katika maji ya lishe, na juu ya chombo ikawekwa sumaku. Seli zikainuka zikaelea, na kwa kukosa pa kujilaza zikashikana zenyewe kwa zenyewe. Katika muda wa siku moja hivi likawa donge.

Seli zilizotumiwa zilikuwa za saratani kali ya ubongo. Protini mojawapo inayoziunganisha ilijipanga katika donge hilo kama ijipangavyo katika uvimbe wa kibinadamu uliooteshwa ndani ya panya. Kwenye kisahani haikuwa hivyo. Tena, kwa sumaku hiyohiyo waliweza kulisogeza donge la saratani likagusana na donge la seli nzima za ubongo, wakatazama adui akivamia.

Hatusemi kwamba donge ni mwili. Halina mishipa ya damu, na likifikia upana wa nusu milimita hivi seli za katikati huanza kufa kwa kukosa hewa, ingawa hata uvimbe wa kweli mara nyingi una kiini kilichokufa. Tena wagunduzi wasema chuma hakiziharibu seli. Lakini baadhi yao ndio walioanzisha kampuni ya kuiuza njia hiyo, kwa hiyo ni haki kuwataka wengine walipime dai hilo.

Uzito wa mambo haya umezidi tangu Desemba 2022, Marekani ilipoondoa katika sheria sharti la kujaribu kila dawa kwa wanyama kwanza. Vipimo vya seli vitasikilizwa zaidi. Basi sisi twauliza: seli za nani? Nyingi zilizomo katika maabara za dunia zilitoka kwa watu wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Saratani ya umio, inayowaua wengi kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi kusini mwa bara hili, haina wawakilishi wa kutosha humo.

Wala si kwamba Afrika Mashariki ni mgeni wa kazi hii. Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto kilisafirishwa kutoka Uganda, alikokuwa akifanya kazi daktari mpasuaji Denis Burkitt, hadi London. Kilifika majimaji yake yakiwa na ukungu. Ilidhaniwa kimeoza, kumbe ni seli hai zilizojitenga zikawa zinaelea. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964 kilitambuliwa kirusi cha Epstein-Barr. Uvimbe ulikuwa wa huku. Maabara ilikuwa ya huko.

Sumaku ya kuziinua seli haihitaji umeme. Kabati la kuzitunza linauhitaji, usiku na mchana, na daktari apasuaye umio anahitaji mtu wa kulipokea donge mlangoni kabla halijapoa, pamoja na karatasi ya idhini aliyoisoma mgonjwa kwa lugha aielewayo. Twataka kuyaona hayo matatu katika makadirio ya fedha ya hospitali zetu kuu za rufaa.