Kompyuta Hujuaje Shamba Liko Wapi?



Wengi wetu tumewaona vijana wakipita katika mibuni na simu mkononi, wakiandika tarakimu. Yafaa tuzielewe, maana kazi za mashambani na za viwanda vya kukoboa kahawa zimeshikamana nazo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yataka ijulikane kahawa imetoka shamba gani, na kwamba hapakukatwa msitu pale baada ya tarehe 31 Desemba 2020.

Kila mahali duniani pana namba mbili. Latitudo huonyesha umbali kutoka Ikweta. Longitudo, umbali kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza. Soko la Nakasero hapa Kampala liko 0.31 na 32.58. Kwetu nyuzi moja ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo tarakimu mbili baada ya nukta hutufikisha kwenye kadiri ya kilomita moja tu. Sheria yataka tarakimu sita: kadiri ya sentimita 11.

Ndani ya kompyuta namba hizi hukaa katika jedwali, mfano wa daftari la karani: kila shamba mstari wake, latitudo safu yake, longitudo safu yake. Tukitaka mashamba ya karibu na mji wa Masaka, twaiuliza: tutolee yote yenye latitudo kati ya -0.4 na -0.3, na longitudo kati ya 31.7 na 31.8. Huo ni mraba wa kilomita 11 kila upande. Kisha kompyuta hupima umbali wa kila shamba katika hayo machache, bila kupekua daftari zima.

Sasa tazameni hatari. Karani akibadilisha safu hizo mbili, Nakasero yahamia Algeria! Kosa hilo kompyuta yaweza kulikataa, ikiwa imeamriwa kwamba longitudo ya Uganda haipungui 29. Lakini Masaka iko kusini mwa Ikweta, ndiyo maana latitudo yake ina alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahauliwa, shamba laruka kilomita 75 hivi kaskazini, nalo bado limo Uganda. Kompyuta haitashtuka. Kahawa safi yaweza kukataliwa kwa sababu ya kistari kimoja.

Kwa hiyo, ndugu, shamba lenu likiandikwa, ombeni msomewe namba zote mbili pamoja na alama yake, mzinakili, kisha mzitazame kwenye ramani ya simu. Mwenye kulijua shamba ni yule alilimaye.